Tangazo Nyuma ya Kalenda

Nilibandua karatasi ya Machi, yenye picha ya duka la saruji,
nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya rangi ya Tunje, ya zambarau,
maana ile nyeusi Kadzo ameitafuna.
Nikaibandika mlangoni kwa uji uliobaki. Gundi imekwisha.

*Wazazi wangu, salamu.
Kuanzia tarehe kumi na nne Aprili
nitafunga wiki mbili.
Na mtanilipa.*

Hapo kwenye "mtanilipa" mkono ulitetemeka.
Mwaka wa kumi na mbili huu, Mtopanga,
vyumba viwili, ua mmoja, watoto tisa,
na sijawahi kuandika neno hilo bila "tafadhali" kulishika mkono.

Haya, tuhesabu, Sista Umi.
Wewe wavaa nyeupe hospitali kuu, nakuheshimu.
Agosti ulichukua likizo, siku ishirini na moja,
ukaenda kwa mumeo Voi,
mshahara ukaingia kama kawaida.
Ukarudi ukaniambia: "Mwezi huu nusu, Bi Zawena. Mtoto hakuwepo."
Mtoto hakuwepo, kweli.
Mimi nilikuwepo.
Kodi ilikuwepo.
Mkokoteni wa maji ulikuja, mitungi sita,
na mwenye mkokoteni hakuuliza nani yupo, nani hayupo.

Idi mbili, Krismasi, Pasaka, Madaraka,
siku ya uchaguzi, siku ile mvua ilipoifunga barabara ya Kiembeni:
nyinyi mwapumzika, mimi napungukiwa.
Kumbe mimi ni tajiri nisiyejijua,
sikukuu zenu zote nazilipia mimi.

"Lakini wewe uko nyumbani," mwasema.
Nyumbani!
Nyumbani ndipo hapa mlango unapogongwa saa kumi na moja alfajiri
sijamaliza kutawadha,
uti wangu wa mgongo umeshachukua umbo la Mwero,
kilo kumi na mbili, halali mpaka abebwe,
na mwanangu wa kumzaa alikua akipanga foleni kunifikia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mwapenda kunisomea.
Na mlezi umlipavyo ndivyo azeekavyo:
hilo sijasikia likisomwa.

Jioni walikuja.
Baba Kadzo alisoma mara mbili, akakohoa.
Sista Umi alilipiga picha kwa simu, hakusema neno.
Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata kazi Saudia.
Nadzua, wa kiwanda cha nguo, kibarua cha siku kwa siku,
alisimama na kiatu cha mtoto mkononi.
"Mimi likizo siijui, Bi Zawena, hata isiyolipwa.
Wiki mbili nimpeleke wapi?"

Nilitafuta jibu, sikulipata.
Nilitaka kumwambia, basi wako mlete, peke yake,
neno likafika mdomoni nikalimeza,
kwa kuwa naujua mlango wangu:
ukimfungulia mmoja, umewafungulia tisa.
Usiku ule sikulala kwa ajili yake.

Ijumaa, kabla ya wote, ndiye aliyelipa.
Noti na sarafu ndani ya leso, zimepungua mia mbili.
"Nyingine mwezi ujao. Mtoto nampeleka kwa wifi yangu Jomvu.
Hatupatani, lakini..."
Hiyo "lakini" akaiacha hapo hapo mlangoni.
Sista Umi hajalipa hadi leo.

Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja.
Nikakaa kitandani, nikingoja mlango.
Kukapambazuka. Mlango kimya.
Nikachemsha chai ya tangawizi, nikaimimina,
na kwa mazoea nikaiweka juu ya kabati, mbali na mikono midogo,
ipoe huko mpaka nitakapoikumbuka.

Kisha nikaishusha.
Ikaniunguza ulimi.
Nilikuwa nimesahau kuwa chai huunguza.